Shahidi wa serikali aliyelinda gari la mshtakiwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Baudouin Lwaboshi anagombana na shakwe.

Ndege huyo ametua juu ya paa la gari jeupe katika mtaa mmoja wa South Beach, jijini Durban, na ameshalichafua. Baudouin anamfukuza kwa kofia, anamtolea maneno makali kwa Kibembe, kisha anachomoa kitambaa mfukoni na kuanza kufuta. Mwenye gari bado amelala ghorofa ya tisa. Hatajua kwamba kuna mtu alishampigania asubuhi hii.

"Huyu ndege iko na dharau," anasema huku akisugua. "Anaona parking yote, anachagua ile gari nimetoka kufuta. Eish."

Baudouin ana miaka hamsini na miwili. Ni mfupi, ana mabega mapana ya mtu aliyewahi kuwa fundi mwashi huko Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na anatembea haraka kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Juu amevaa reflekta ya rangi ya machungwa, ile inayotambulisha walinzi wa magari wa mtaa huu. Chini ya reflekta, leo tu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na tai ya buluu.

Leo ni siku ya hukumu. Saa tatu anatakiwa awe mahakamani.

Si yeye anayehukumiwa, ingawa ukimtazama anavyoirekebisha tai hiyo kila baada ya dakika mbili unaweza kudhani ndiye. Baudouin ni shahidi mkuu wa upande wa mashtaka katika kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Kesi yenyewe ingekuwa nyepesi, isipokuwa kwa jambo moja alilolifanya yeye mwenyewe. Jambo hilo lilimfanya mwendesha mashtaka ashike kichwa, likampa wakili wa utetezi sikukuu ya bure, na likamnyima Baudouin salamu za mtu anayempenda kuliko wote mtaani hapa.

Mtu huyo ni Auntie Kogie.

Jina lake kamili ni Kogilambal, lakini hata mfanyakazi wa benki humwita Auntie. Ana miaka sabini na minne, ni mjane, na alishona nguo katika kiwanda cha Mobeni mpaka macho yalipochoka. Anaishi ghorofa ya sita ya jengo ambalo magari yake yamo katika safu ya Baudouin. Kwa miaka mingi, kila asubuhi, alishuka na kikombe cha chai ya maziwa na tangawizi, kimefunikwa kwa kisosi, na juu ya kisosi mkate wa siagi. Humwita "Boduwa," na hakuna aliyewahi kuthubutu kumsahihisha.

"Glody alipofaulu matric, mtihani ya mwisho ya shule, Auntie alishuka na keki, gateau nzima," Baudouin anasimulia. Glody ni kifungua mimba wake, na ndiyo maana Wakongo wenzake humwita Papa Glody. "Alisema ni ya mtoto. Lakini alikaa hapa kwa kiti yangu mpaka mimi pia nikakula."

Ijumaa moja ya Machi mwaka jana, karibu na adhuhuri, Auntie alirudi kutoka Isipingo, ambako hupenda kununua mboga na vitambaa. Baudouin alimwongoza mpaka akaegesha, akafungua buti, akaanza kutoa mifuko. Kijana mmoja akaja akitembea taratibu.

"Alinisalimia," anasema Baudouin. "Alisema, 'Sharp, baba.' Ni kama kusema poa. Nikajibu sharp. Nikawaza anatafuta gari yake."

Kijana akatoa bastola na kuiweka kwenye kifua cha Baudouin. Akamwamuru Auntie atoe mkoba, simu, na bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi. Bangili hazikutaka kutoka. Mama wa watu alihangaika nazo, miwani yake ikaanguka na kuvunjika, na tangu hapo hakuona chochote ila kivuli. Baudouin aliona kila kitu.

"Nilimwangalia uso muda wote ule. Ningeangalia wapi kwengine?"

Wiki chache baadaye polisi walimkamata mwanamume wa miaka ishirini na tisa huko Mobeni akiwa na simu ya Auntie. Alisema aliinunua kwenye kituo cha taxi cha Isipingo, kwa mtu asiyemjua. Bangili hazikupatikana hadi leo. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilimfungulia shtaka, ikampeleka kwenye gwaride la utambulisho, na Baudouin, akiwa amefichwa nyuma ya kioo, akamchagua bila kusita. Mambo yote yakawa yamesimama juu ya macho yake.

Mkewe, Larissa, anayesuka nywele katika saluni moja karibu na Point, hakufurahi hata kidogo.

"Nilimwambia, Papa Glody, sisi hapa ni wageni," anasema, mikono yake haiachi kusuka. "Papier zetu za kukaa hapa tunarenouveler, tunaomba upya, kila wakati. Unaenda kuonyesha mtu kidole mbele ya juge, kesho ndugu zake wanakujua. Nililia, kabisa."

Baudouin alimjibu kwa maneno ambayo Larissa anayakumbuka mpaka leo, na huyarudia kwa sauti ya kuiga ya kiume: "Auntie siku ile hakuwa na macho. Macho ilikuwa yangu."

Hapo ndipo linapoingia jambo lenyewe.

Mshtakiwa alipewa dhamana kwa sharti kwamba asiwasogelee mashahidi wala asifike karibu na jengo la Auntie. Jumamosi moja ya Agosti, gari dogo la buluu likaingia katika safu ya Baudouin. Yeye, kama kawaida, akaenda nyuma yake kwa haraka, akapunga mkono, njoo, njoo, kushoto kidogo, hapo hapo. Kioo kikashushwa. Alikuwa ni yule yule.

"Nilimtambua mara moja," anakumbuka. "Naye alinitambua. Akasema, 'Sharp, baba.' Mimi mdomo ukajibu wenyewe, sharp. Akatoa mtoto wake, kasichana kadogo kako na ndoo ya plastic, wakaenda beach."

Unaweza kufikiri kwamba Baudouin alikimbilia simu. Au alimwendea askari wa doria. Au, tuseme ukweli, alitoa upepo kwenye tairi moja, jambo ambalo mwandishi wa makala haya angelifanya bila aibu.

Baudouin alililinda gari. Vijana wawili walipoanza kuchungulia ndani ya dirisha, aliwafukuza. Mwenye gari alirudi na binti yake amejaa mchanga, akampa Baudouin randi kumi, akaondoka. Desemba akaja tena, ikawa vile vile. Baudouin hakumwambia mtu yeyote, hata Larissa.

Kulielewa hili, inabidi kusimama kidogo na Peguy, anayelinda safu ya jirani. Peguy ni kijana wa Lubumbashi, mrefu, mcheshi, na anapozungumzia kazi uso wake hubadilika.

"Gari ikisha kuingia kwa ligne yako, safu yako, ni yako mpaka inatoka," anasema. "Huulizi ni ya nani. Mwenye alikutukana jana, unachunga. Mwenye hajawahi kukupa hata five rand, unachunga. Sisi ni ba-étrangers, wageni. Kioo ikivunjwa, mtu wa kwanza wanaangalia ni wewe. Ukianza kuchagua gari, umekwisha."

Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini walinzi wa hapa wanaishika kuliko wengi wanavyoshika dini. Hawana mshahara. Siku nzuri Baudouin hupata randi mia mbili hivi, siku ya mvua hata nauli haitoki, na kila siku lazima amlipe msimamizi wa eneo randi arobaini kwa ruhusa ya kusimama hapo. Kitu pekee alichonacho cha kumpa mwenye gari ni kwamba akirudi, atalikuta. Sifa hiyo ikiharibika, haina fundi.

"Gari haikumuibia Auntie," Baudouin anaeleza, kwa sauti ya mtu aliyeeleza hili mara nyingi bila mafanikio. "Gari ilikuwa imeparki tu."

Februari mwaka huu, alipanda kizimbani. Aliyemwongoza alikuwa mwendesha mashtaka Nontobeko Mbhele, mwanamke mwenye sauti ya upole na visigino vinavyosikika kutoka mwisho wa korido. Katika maandalizi alikuwa amemuuliza kila kitu kuhusu siku ya unyang'anyi. Yaliyofuata baadaye hakuyauliza, wala hakuwa na sababu ya kuyauliza. Ushahidi ulikwenda vizuri mno. Mwishoni, akitaka tu kufunga mlango, akamuuliza shahidi wake kama tangu siku ile, mbali na kwenye gwaride na mahakamani, aliwahi kumwona mshtakiwa tena.

"Ndiyo," alijibu Baudouin. "Mara mbili. Alikuja kuparki kwangu. Nilimchungia gari yake. Alinipa ten rand."

Mkalimani, Mtanzania aitwaye Sesilia, alimtazama kama mtu anayepima kina cha maji. Kisha akatafsiri yote, randi kumi zikiwemo. Watu wakaguna. Bi Mbhele akaketi.

"Nilitaka kumkumbatia na kumkaba koo kwa wakati mmoja," alimwambia mwandishi huyu baadaye, akicheka. Siku ile hakucheka.

Wakili wa utetezi alisimama kwa furaha isiyofichika. Waliokuwepo wanayakumbuka mahojiano hayo hivi:

"Mtu aliyekuwekea bastola kifuani, ukamlindia gari?"

"Ndiyo."

"Ukapokea na pesa yake?"

"Ndiyo. Nilifanya kazi."

"Wewe mwenyewe huoni kama ni ajabu?"

"Naona."

"Basi pengine siye."

"Ni yeye."

"Kama ni yeye, kwa nini hukupiga simu polisi?"

Baudouin aliizungusha kofia mikononi. Mwishowe akasema, "Nilikuwa nachunga gari."

Watu walicheka. Wakili akawageukia kana kwamba anawashukuru kwa kuja. Hoja yake ilikuwa rahisi: ama shahidi huyu amekosea mtu, ama ni wa kununuliwa kwa bei ya mkate, na kwa vyovyote vile hafai kuaminiwa.

Mmoja wa waliosikia alikuwa Auntie Kogie, aliyekwisha kutoa ushahidi wake na kuketi kwenye benchi la wasikilizaji. Hakucheka. Alichukua mkongojo wake, akainuka, akatoka nje.

Tangu siku hiyo chai haikushuka tena.

Auntie aliacha hata kupita mlango wa mbele. Akawa anatokea nyuma, kwenye mapipa ya taka, azunguke jengo zima asikutane na Baudouin. Larissa alitumwa kupeleka sinia la samaki wa kukaanga, akarudi nalo. Siku moja Baudouin alifanikiwa kumsimamisha na kujaribu kujieleza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Auntie alimjibu kwa sentensi moja tu: "Ulichukua pesa yake, Boduwa."

Miezi mitano ilipita hivyo. Wapangaji wengine walianza kunong'ona, na mmoja alipendekeza safu ipewe mtu mwingine. Baudouin anasema hayo hayakumuumiza sana, na ukimtazama usoni unamwamini.

"Kesi ikianguka, ningesikitika, halafu ningezoea," anasema. "Lakini ile mlango ya nyuma... Auntie iko na goti mbaya. Kule nyuma iko ngazi. Kila siku nawaza, ule mama anapanda ngazi ili asinione mimi. Hiyo ndiyo inaniua."

Saa mbili asubuhi anamkabidhi Peguy safu yake, anavua reflekta, anaikunja vizuri kama shuka ya mgeni, na kuondoka kwa miguu. Kwenye robot ya kwanza, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, ni nyekundu na barabara ni tupu, lakini anasubiri hadi iwe kijani. Leo hataki kosa lolote.

Mahakamani anaketi benchi la nyuma. Auntie ameketi la mbele, peke yake, amevaa sari ya kijivu na sweta. Hageuki.

Hakimu anasoma kwa karibu saa nzima, kwa sauti ya chini isiyo na haraka. Sesilia ameketi mbali, karibu na kizimba, na mwandishi huyu anajikuta akimnong'onezea Baudouin tafsiri. Hakimu anapofika kwenye randi kumi, Baudouin anaishika tai yake.

Hakimu anasema shahidi alikosea. Alipaswa kutoa taarifa siku ile ile, na kutofanya hivyo kulikuwa ni upumbavu. Baudouin anaitikia kwa kichwa, kama mtoto anayekubali kiboko.

Kisha hakimu anauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe: habari hizi mahakama imezipata kwa nani? Mwendesha mashtaka hakuzijua. Mshtakiwa hakuzisema. Aliyezileta hapa ni shahidi, kwa hiari yake, huku akijua zitamtia aibu. Mtu aliyenunuliwa, anasema hakimu, hatangazi bei yake.

Anaendelea. Mshtakiwa naye, alipotoa utetezi wake mwezi Aprili, alizishangilia sana zile randi kumi. Alikiri kwamba kweli aliegesha pale Agosti. Alisema alimtambua mlinzi yule papo hapo kuwa ndiye shahidi dhidi yake, akamsalimia ili kuonyesha hana kinyongo. Bi Mbhele alimuuliza kama alikuwa amewahi kufika mtaa huo kabla ya Agosti. Akasema hajawahi maishani. Bi Mbhele akamuuliza alimjua vipi basi, maana kwenye gwaride shahidi alikuwa nyuma ya kioo na mpaka Agosti hawakuwa wamekutana mahakamani. Kama hawakuonana Machi, walionana lini? Swali hilo, anasema hakimu, bado linasubiri jibu.

Mshtakiwa anakutwa na hatia. Dhamana inafutwa, na askari wanamshusha ngazi kuelekea mahabusu.

Baudouin hapigi makofi. Anamtazama yule kijana mpaka kichwa kinapotea, halafu anasema kwa sauti ndogo, "Kale kasichana kake. Nani atakapeleka beach?"

Nje, Auntie Kogie amesimama juu ya ngazi za mahakama, ameshika chuma cha pembeni. Umati unampita. Baudouin anamwendea, anasimama hatua kadhaa mbali, kofia mikononi. Mwandishi huyu anajifanya anatafuta kalamu.

"Zile randi kumi," anasema Auntie mwishowe, kwa Kiingereza, "ulizifanyia nini?"

"Nilinunua mkate, Auntie."

"Ulikuwa mkate mzuri?"

"Wa kawaida tu."

Auntie anaanza kucheka, na katikati ya kicheko anaanza kulia, na kwa kuwa mkono mmoja una mkongojo na mwingine umeshika chuma, machozi hayana wa kuyafuta. Baudouin anatoa kitambaa mfukoni, anakumbuka asubuhi kilifanya kazi gani, anakirudisha haraka. Anafungua tai yake ya buluu na kumpa.

"Ungeniambia," anamkaripia Auntie huku akijifuta nayo. "Ungepanda juu, ukagonga mlango, ukaniambia."

"Nilikuwa na haya, Auntie," anasema Baudouin. Kisha anageuka kwa mwandishi na kuomba amfasirie vizuri, maana haya ni maneno asiyotaka yapotee njiani. "Mwambie niliogopa. Ile bastola, mpaka leo naisikia hapa kwa kifua. Siku ile alikuja, akili ilikufa. Kitu moja tu mwili ulijua kufanya, ni kazi. Basi nikafanya kazi."

Mwandishi anafasiri. Auntie anasikiliza hadi mwisho, kisha anaukunja ule utepe wa tai uliolowa na kuutia kwenye mkoba wake, akisema ataufua mwenyewe kwa mkono, kwa sababu kitambaa kile kikiingia mashine kitakufa.

Saa sita Baudouin amekwisha kurudi kazini. Peguy anamkumbatia, wanawake wawili wa saluni wanampigia vigelegele kutoka ng'ambo ya barabara, na mpangaji yule aliyetaka safu ipewe mwingine anampa randi ishirini bila hata kuwa na gari. Baudouin anazipokea kwa mikono miwili.

Adhabu itatolewa mwezi ujao. Siku hiyo Auntie ataruhusiwa kuieleza mahakama jinsi tukio lile lilivyomwathiri. Bi Mbhele ameshamwambia kwamba si lazima azungumze. Auntie amesema atazungumza, na orodha ya malalamiko yake inaanza na gari. Tangu siku ile ya Machi hajashika usukani. Mpwa wake huja kuliwasha ili betri isife, basi. Isipingo siku hizi anaenda kwa taxi, zile basi ndogo za abiria, akiwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, na mama huyu aliyeendesha kwa miaka arobaini anasema hakuna kinachomtia uchungu kama hicho.

Ndiyo maana, walipokuwa wakishuka ngazi za mahakama polepole, goti baya likiongoza, alitoa tangazo. Siku ya adhabu ataendesha mwenyewe mpaka mahakamani. Na Boduwa atakaa kando yake, mbele, si nyuma.

Baudouin anasimulia haya akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, na kwa mara ya kwanza leo hatazami barabarani.

"Tangu nifike Durban, ni magari," anasema. "Nafungua mlango, nafunga mlango, naweka mifuko, naambia mtu safari njema. Hata moja sijawahi kuingia. Ndani yake sijui iko namna gani."

Anawaza kidogo, kisha uso wake unaingia wasiwasi wa kweli.

"Ila shida iko. Auntie hajui kurudi nyuma. Sijui kama alikwambia. Hajawahi kujua. Miaka yote ile ni mimi nasimama nyuma namwonyesha."

Sasa akiwa ndani, nani atamwonyesha?

"Nimesha mwambia Peguy," anasema Baudouin. "Siku hiyo yeye atasimama nyuma. Mimi nitafunga mkanda."